Kengele Kabla ya Wakati

Santiago, mtaa wa Tivolí, kila Jumamosi alasiri Eleuterio Despaigne huketi na bendi yao uani kwa Ulises, akabana ngoma zake mbili za bongo katikati ya magoti, na mpaka jua litue huwa ana watu. Siku nyingine hana mtu. Mkewe Eneida alishafariki, bintiye yuko Uhispania, na simu zake hukatika kabla mazungumzo hayajanoga. Kwa hiyo msimshangae mzee akiing'ang'ania Jumamosi yake.

Sasa, mpiga bongo katika muziki wa son ana kazi mbili. Mwimbaji akiwa kwenye beti, vidole vyake humjibu juu ya ngozi. Kiitikio kikiingia na watu wakianza kucheza kwelikweli, huziweka ngoma chini na kunyakua kengele ya ng'ombe. Kila kitu na wakati wake, hata walevi wa Tivolí wanalijua hilo.

Telo, kama wanavyomwita, akaanza kuinyakua mapema. Mwanzoni alikata mistari ya mwisho tu, baadaye akawa anameza ubeti mzima. Kengele ikishalia bendi haina budi kurukia kiitikio. Migdalia, mwimbaji wao, mwanamke asiyejua kumumunya maneno, alivumilia wee, mwishowe akamlipukia mbele za watu.

"Mzee Telo, kwani una basi la kuwahi? Jamaa wa kwenye wimbo hata hajafika kwa mchumba, wewe ushawafungisha ndoa!"

Uani wakaangua kicheko. Telo naye akajichekesha. "Beti zako ndefu, mwanangu. Huyo mchumba atazeeka."

"Na azeeke! Wako huyo?"

Ulises, mpiga gitaa na kiongozi wao, hakucheka. Alimvuta Telo pembeni, akammiminia ramu.

"Ndugu yangu, tumetoka mbali. Lakini Jumamosi ijayo ukikata tena, itabidi nimwite mpwa wangu, Yordanis, yule mkaanga ndizi, ashike mahali pako. Usinifikishe huko."

Telo aliitikia kwa kichwa. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa haisikii tena ngoma ndogo. Ilipoanza kufifia alidhani imelegea, akaikaza kwa spana, akaikaza tena, mpaka ngozi ikataka kupasuka. Kisha ngoma kubwa nayo ikamezwa na besi. Kwenye beti alikuwa akipiga ndani ya ukimya, wenzake wamemzunguka, kila mmoja akisikia kitu ambacho yeye hakisikii. Kengele aliisikia. Ndiyo maana aliikimbilia.

Kumwambia Ulises? Thubutu! Mpiga ngoma kiziwi huhurumiwa, huletewa kahawa, kisha huketishwa pamoja na watazamaji, na hiyo ni adabu ya kumzika mtu angali hai.

Wiki ile alifanya mazoezi jikoni peke yake, akizifuata ngoma kwa ncha za vidole tu. Kama alikuwa sawa au la, hakuna wa kumwambia. Eneida angemwambia, tena bila kumpaka mafuta. Alimkumbuka mpaka akashindwa kula.

Jumamosi ikafika. Migdalia alipofungua kinywa, Telo alimkazia macho shingoni, akiangalia pumzi inapoingia na kidevu kinapoinuka, na mikono yake akaiacha ifanye ilichokizoea. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita, mrefu kama mwaka, na mara mbili mkono wake uliteremkia kengele, akaurudisha. Hakuigusa mpaka Ulises alipomgeukia na kumkonyeza.

Ua likalipuka. Wimbo ulipokwisha Ulises alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Huyu ndiye Telo wangu! Yordanis aendelee kukaanga ndizi!"

Migdalia akamshika mashavu. "Mzee, ile uliyonijibu kwenye ubeti wa pili! Nusura nisahau maneno. Umeitoa wapi wewe?"

Telo akamtazama. "Ipi?"

"Ile!"

"Ilikuwaje, mwanangu? Niambie."

"Aa, mzee, acha kujidai. Unataka usifiwe mara mbili?" Akamzaba kikofi begani, akicheka. "Si umeisikia mwenyewe?"

Akaenda zake kucheza, na Ulises akamfuata. Telo akabaki ameketi, jasho linamtiririka, mahali pake pamesalimika. Alikuwa amepiga vizuri kuliko miaka yote, na ndani ya ua lile zima ni yeye peke yake ambaye hakuwapo.