Supu ya Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani. Nilikuwa nimepaka hina mikono yote na kufuga kucha, maana binti wa Kinubi haendi kuanza kazi ya serikali akiwa mkavu kama kuni. Mkuu wa Maabara, mama mmoja wa Lubaga, hapa hapa Kampala, ambaye hakuwahi kucheka kabla ya saa sita mchana, aliishika mikono yangu akaigeuza huku na huku.

"Nnyabo, bibi wee, hizi si kucha, ni nyumba za kupangisha bakteria. Nenda ukazikate, urudi kesho."

Nililia kwa hasira hadi kambi ya polisi, nyumbani kwetu. Lakini nilizikata, na sikuzifuga tena mpaka nilipostaafu.

Mama yule alinifundisha kazi. Alinifundisha kupika agari, ule ute mgumu kama jeli tunaoumimina kwenye visahani ili bakteria waote juu yake. Alinifundisha pia supu, yaani maji yenye virutubisho ambamo bakteria huzaana kwa mamilioni. Ukiwapanda jioni, asubuhi unakuta supu nzito, imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Ukichukua tone ukalitia kwenye supu mpya, baada ya muda mfupi unapata supu changa: bakteria wachache, wenye nguvu, wanakua mbio. Wenzangu vijana, shikeni tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza.

Baada yake nilihamishiwa chini ya Msimamizi wa Vipimo, mtu wa ripoti na mihuri, ambaye sina la kumsema. Kisha nikapelekwa kituo cha utafiti, kwa Profesa Mkurugenzi. Profesa alisoma Dar es Salaam enzi za ujana wake, akapenda kuongea nami Kiswahili wakati wengine wakimsalimu kwa Kiingereza. Nilijiona nimefika, kumbe!

Kazi yetu pale ilikuwa faji. Faji ni kirusi kinachoua bakteria tu, binadamu hakimgusi. Hujibandika juu ya bakteria, humdunga DNA yake ndani, na DNA hiyo humlazimisha bakteria azalishe faji wengine mpaka apasuke. Dawa nyingi zilikuwa zimeshindwa kutibu vidonda sugu, kwa hiyo Profesa alitaka tujaribu faji. Wanapatikana wapi? Kwenye uchafu. Nilikuwa nashuka mtaa wa Kamwokya na chupa zangu kuchota maji ya mtaro, na muuza chapati mmoja pale hakunihurumia hata siku moja.

"Mama, ya leo imeiva?" anauliza mbele ya wateja.

"Imeiva, leta sahani nikupakulie!"

Sasa, bakteria naye si mjinga. Ana jeni za kumlinda. Nyingine hutengeneza mkasi wa kukata DNA yoyote ya kigeni inayoingia. Nyingine hutunza vipande vya DNA ya adui wa zamani, kama picha za wahalifu zinazobandikwa kituo cha polisi, ili akirudi atambuliwe. Lakini kuwa na jeni si kuitumia. Bakteria huiwasha na kuizima, na huko kuwasha na kuzima ndiko wataalamu wanakoita udhibiti wa jeni. Nilimuuliza Profesa kwa nini asiiwashe muda wote akawa salama.

"Mama Zaina, baba yako alikuwa askari. Bunduki alilala nayo kitandani?"

"Hapana, Profesa. Ilikaa ghalani."

"Kwa nini?"

"Ingeweza kutuua sisi watoto."

"Basi ndivyo hivyo. Ule mkasi unaweza kumkatia DNA yake mwenyewe. Na kuutengeneza kunamla nguvu. Wakiwa wachache, ghala wanalifunga. Wakisongamana, wanajua ugonjwa ukiingia utawamaliza wote, kwa hiyo wanapeana ishara za kemikali, na ghala linafunguliwa. Ukitaka kumjua adui wako, mpime akiwa amesongamana."

Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, akinywa chai yangu ya tangawizi.

Ila pale kituoni tulikuwa na desturi, tukaiita supu ya wageni. Wafadhili walikuja asubuhi, wakatembezwa, wakanywa chai, wakaondoka. Hawana muda. Supu nzito ukiitia faji hubaki na ukungu, mtu anaweza kukaa mpaka jioni asione cha kupiga picha. Supu changa inasafika mbele ya macho yake, inakuwa angavu kama maji ya kunywa, na mgeni anapiga makofi. Kwa hiyo wageni walionyeshwa supu changa siku zote. Hatukumdanganya mtu, lilikuwa onyesho tu. Ubaya ni kwamba onyesho likigeuka mazoea, na wewe mwenyewe unaanza kuliamini.

Mdogo wangu Ramadhani alikuwa sajenti wa polisi. Sukari ilimshika, kisha kidonda kikamshika unyayoni, cha kijani, chenye harufu unayoisikia mlangoni kabla hujapiga hodi. Hospitali dawa zikagonga mwamba. Daktari akasema tuanze kufikiria kuukata mguu. Ramadhani akaniangalia.

"Dada, si unafanya kazi na wale wanaokula bakteria? Waambie waje wale na wa kwangu huku."

Profesa alikubali upesi, na nilimbusu mikono, nasema kweli. Tulichukua bakteria wa kidonda kile, tukapata faji anayewaua, tukampima. Kwenye supu changa tu. Nikamwambia, Profesa, kidonda cha Ramadhani si supu changa. Mle wamesongamana, wamejijengea na utando juu. Tuwapime kwenye supu nzito kwanza, na daktari akwangue kidonda wapungue, ndipo tuweke.

"Unachosema ni kweli kabisa," akasema. "Lakini wageni wa wiki hii ndio wanaotoa uamuzi wa fedha zetu. Wanataka kumwona mgonjwa. Supu nzito tutaipima baadaye."

Nikamrudia kesho yake. Akaniambia, "Mama Zaina, niamini."

Wageni wakaja. Ramadhani akalazwa vizuri, shuka jeupe, faji akamwagwa kidondani huku kamera zinamulika. Siku za mwanzo kidonda kilitulia, tukachinja kuku. Halafu ukijani ukarudi, na harufu yake. Nilipowachukua wale bakteria upya na kuwapima, faji hakufua dafu. Waliobaki walikuwa wamejiandaa, wanakata kila DNA inayoingia. Profesa alitazama kisahani akasema, "Inasikitisha," akaenda kwenye mkutano. Mguu ulikatwa juu ya goti.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alilisikia la mkuu, na guu likaenda.

Sisemi mguu ungepona. Sukari ni sukari, na kidonda kilikuwa kibaya. Nasema alinyimwa kipimo ambacho aliyemnyima alikijua kuliko sisi sote, na kipimo hicho kilihitaji siku moja tu ya subira. Mnaoingia kazi hii leo mna mashine za kusoma DNA usiku kucha zenyewe. Hongereni. Lakini hakuna mashine itakayomkatalia bosi mwenye wageni.

Nilikaa mpaka umri wa kustaafu, kwa kuwa watoto hula. Siku ya kuniaga kulikuwa na pilau na hotuba. Profesa alinisifu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Nyuma yake ukutani ilikuwa ile picha ya mguu wa Ramadhani siku zile kidonda kilipotulia. Picha hiyo ameizungusha nchi nyingi, na kila mahali wameipigia makofi.

Ramadhani mwenyewe alikuja kutoka Kibuli kwa magongo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Profesa akapita akisalimia watu, akafika kwake, akamshika bega.

"Pole sana, mzee wangu. Ni hizi boda boda, eh?"

Ramadhani akanyoosha mgongo kiaskari. "Ndiyo, mkubwa. Boda."

"Zitatumaliza hizi," Profesa akasema, akaendelea kwenye pilau.

Tukaondoka pamoja. Njiani nikamfokea Ramadhani, mtu wa miaka yote hiyo katika upolisi, anashindwa kusema neno moja?

"Niseme nini, dada?" akanijibu. "Nikimwambia ukweli, atasema pole. Na pole si ameshanipa."