Siku Mke wa Gavana Alipokuja Kusikiliza

Sifa ni zake Mungu, aliyenivusha kutoka Kongo hadi Minnesota, na ambaye bado ananivumilia katika uzee wangu.

Mke wa gavana wa jimbo letu ni mwalimu. Jumamosi moja alikuja kanisani kwetu, mtaa wa Frogtown, kulitembelea darasa la akina mama wanaojifunza kusoma. Ombi lake lilikuwa moja tu: amsikilize mwanafunzi mmoja akisoma. Tukamchagua mjane niliyemjua tangu kambi ya wakimbizi, mtu ambaye utotoni hakukanyaga darasa. Alijiandaa kwa majuma mengi na kitabu cha watoto, habari za kuku aliyeogopa kuvuka mto.

Lakini kwetu mgeni mkubwa hapokelewi kimyakimya. Tulimwekea mbele kiti chenye kitambaa cheupe. Yeye akaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya akina mama. Mimi, mzee wa kanisa, nikamwinua kwa heshima nikamrudisha mbele. Kwaya ikaimba. Mchungaji akatoa salamu ndefu. Kisha nikapewa kipaza sauti niombe.

Nikamwombea gavana, wabunge, walimu, madereva wa mabasi, hata theluji ipungue. Binti aliyekuwa akinitafsiria akaanza kukohoa. Nilipofumbua jicho nilimwona mjane amesimama na kitabu chake. Nikalifumba tena, nikaendelea.

Niliposema amina, msaidizi wa mgeni alikuwa amemshikia koti. Shule moja kule Roseville ilikuwa ikimngoja.

"Msomaji wenu ni nani?" mgeni akauliza.

Mjane akainua kitabu.

"Njoo, mama. Nisomee tukienda kwenye gari."

Wakatoka kwenye baridi. Nilibaki mbele na kipaza sauti, nikiwatazama dirishani: mjane akifuata mstari kwa kidole, mgeni ameinama kumsikiliza, pumzi zao zikipanda kama moshi. Sikusikia hata neno moja.

Garini, tukirudi nyumbani Richfield, mke wangu akasema, "Papa, leo umeliombea jimbo zima. Kuku peke yake ndiye uliyemsahau."



Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimwendea mjane jikoni mwa kanisa alipokuwa akikausha vikombe. Nikamwomba radhi. Kisha nikamwomba, kama hatajali, anisomee na mimi.

Akanitazama, akacheka. "Papa, utaweza kunyamaza mpaka mwisho?"

"Nitajaribu, mama."

Akafuta mikono, akatoa kitabu mkobani. Alisoma polepole kwa Kiingereza, akirudia palipomshinda. Mara mbili nilitaka kumsaidia neno, nikauma midomo. Uso uliniwaka kwa haya mpaka kuku akafika ng'ambo.

Wewe unayesoma haya, Bwana akujalie mtu wa kukusikiliza hadi neno la mwisho, na amani yake ikae nyumbani mwako.