Makufuli ya Levina yasiyoonana

Saa mbili asubuhi, Ifakara. Mvua inapiga bati, na Levina Matimbwa amezima seva ya barua pepe. Aliwaomba wenzake dakika ishirini. Kumi na mbili zimekwisha.

Levina, 34, ndiye fundi pekee wa kompyuta katika umoja wa vijiji kumi na vinne vya bonde la Kilombero. Kila asubuhi wasoma vipimo hutuma kina cha mto kwa barua pepe, na maji yakipanda, ofisi huwapigia simu wanaoishi mabondeni.

Jumanne iliyopita, barua ya Tadei, msoma vipimo wa kijiji cha Mbingu, iliingia ikiwa imekatika. Namba ya kina haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mistari ya barua ya mtu mwingine. Ofisi haikumpigia mtu. Mchana Makoye, mfugaji wa kijijini hapo, aliyakuta maji yameshafika mlangoni. Alitoka na mkewe na watoto watatu wakiwa wameshikana mikono, maji kifuani. Ng'ombe tisa walisombwa.

"Nilidhani ni mtandao," anasema Levina. "Kila mtu husingizia mtandao."

Alichimba siku mbili. Programu mbili hugusa faili moja la barua: moja huingiza barua mpya, nyingine huwafungulia wanaozisoma ofisini na kufuta za zamani. Kila moja hulifunga faili kabla ya kuandika, lakini kwa kufuli lake. Ya kwanza huweka kifaili kidogo cha alama pembeni. Ya pili huiomba kompyuta yenyewe ilishike faili. Hakuna inayoona kufuli la mwenzake, kwa hiyo siku nyingine huandika kwa pamoja na kuharibiana.

Programu ya pili aliiweka yeye mwenyewe Januari, bila kukagua inafungaje.

Alikwenda kwa meneja wake, Mama Agnella, akamwamkia, akamweleza yote. Alitegemea kufukuzwa.

"Tengeneza kwanza," alisema Agnella. "Mengine tutaongea."

Jaribio la jana lilimtoa jasho. Aliziamuru programu zote mbili zitumie makufuli yote mawili, lakini moja ilianza na hili, nyingine na lile. Kila moja ikashika lake, ikingoja la mwenzake. Seva ikaganda.

Leo amezipanga kwa mfuatano mmoja: kufuli la kifaili kwanza, la kompyuta baadaye. Anawasha. Anatuma barua mia tano za majaribio huku akifuta nyingine. Agnella amesimama mlangoni, simu mkononi. Barua zinaingia zote, nzima.

Dakika ya kumi na tisa inaingia ya Tadei: mita 3.8, maji yanapanda. Agnella anaanza kupiga simu.

Mwezi ujao Levina anapanga kila barua ikae kwenye faili lake, kusiwe na cha kugombania. Kabla ya hapo, Jumapili baada ya misa, atakwenda Mbingu.

"Makoye anaulaumu mto," anasema. "Nataka ukweli ausikie kwangu."