Misumari ya Kisiwani

Kisiwani kwetu hakuna aliyepigilia msumari mpaka mwisho. Uligongwa hadi ubao ushike, kisha kichwa kikaachwa nje, nafasi ya kutosha kupenyeza kucha za nyundo. Mgeni akipita kati ya nyumba zetu shati lake lilichanika, na sisi watoto tulicheka mpaka tukakemewa. Wenyeji tulipita ubavu ubavu.

Ardhi haikuwa yetu. Ilisemekana ina mwenyewe, mtu wa bara ambaye hatukuwahi kumwona. Mali yetu ilikuwa mbao, mabati, mlango na misumari hiyo. Mukene, wale dagaa wetu, wakihamia upande mwingine, au ziwa likipanda, tulibomoa asubuhi, na jioni tukalala ndani ya nyumba ile ile, mahali pengine. Nimekulia katika nyumba moja tu, ila nyumba hiyo imesimama kila upande wa kisiwa.

Siku ya kuhama ilikuwa sikukuu yangu. Baba aling'oa misumari akaitupa kwenye sufuria, nami nikakaa juu ya jiwe nikinyoosha iliyopinda. Nilijigonga vidole mpaka kucha zikawa nyeusi, na ole wake aliyetaka kunipokonya kazi hiyo! Mbao zilipangwa mtumbwini, mabati juu yake, na mama akakalia mlango, kuku mapajani, akiwaelekeza wapiga makasia ambao hawakumuuliza chochote. Nikimfikiria mama, huwa namwona hapo.

Watu wetu walitoka kila mahali, Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wagisu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha kuokoteza, kilichotutosha kugombana na kupatana. Bara wengi walikiogopa, wakakiita lugha ya askari. Sisi tuliuzia samaki kwa lugha hiyo na kuzikana kwa lugha hiyo.

Safari ya bara ilianza boti ilipojaa, si kabla. Tulikaa juu ya magunia ya mukene hadi bandari ya Masese, kisha tukapanda mjini Jinja, kwenye maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi, yenye nguzo na baraza. Mama alichagua misumari mmoja mmoja, akiikagua mbele ya mwanga, huku mwenye duka akikuna kichwa. Ndani ya teksi watu walijisogeza mbali nasi kwa sababu ya harufu yetu ya samaki. Wakati ule niliona haya. Siku hizi nikipita Masese nashusha kioo cha gari ili niipate harufu ile.

Niliolewa Mbale, na dereva wa lori wa njia ya Kenya. Nikapata nyumba ya matofali, migomba nyuma, na mwamba wa mlima Wanale juu yetu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mama alibaki kisiwani peke yake akianika mukene. Siku moja aliteleza kwenye mawe akiwa na beseni kichwani, akaumia nyonga. Alilala pale mpaka majirani walipotoka kuanua samaki. Niliposikia habari hiyo, usingizi ulinihama. Nilijiona nikipigiwa simu kuambiwa ameanguka tena, na safari hii hakuna aliyepita. Nikaapa atakuja kwangu, apende asipende.

Kulikuwa na tatizo. Kwa desturi yetu, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Hata kutazamana ni taabu. Wangu hao wawili walizungumza kupitia kwangu, mmoja nyuma ya migomba, mwingine nyuma ya lori, nami katikati nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikwisha kuyasikia. Ilibidi mama awe na nyumba yake. Tukaamua kumletea ileile.

Ilikuja kwa boti hadi Masese, kisha kwa lori hadi Mbale. Mama alikuwa ametangulia kwa teksi, akakaa kwa jirani, mguu ameunyoosha, akingoja. Mume wangu aliisimamisha mwenyewe. Mama mkwe wake atakaa nyumba imara, alisema, na kwa furaha yake aligongomea kila msumari mpaka kichwa kikazama kwenye ubao.

"Mwambie mama," alisema, "hapa hakuna anayehama."

Sikuona kosa lolote. Nilikuwa nimekaa bara mno.

Mama aliingia, akapapasa ukuta kwa kiganja, toka kona hadi kona.

"Hii musumari, nani alipiga mpaka ndani?" aliniuliza.

"Mkweo. Ili iwe imara, mama."

"Sasa itatoka namna gani?"

Nilicheka. Nilidhani anatania.

Nyonga ilipona. Mama hakupona. Alikaa mlangoni toka chai hadi giza. Nikimwendea na sahani, alikula. Nikimpa khanga mpya, aliivaa. Akishika ufagio, watoto wangu walimnyang'anya kwa heshima, bibi apumzike. Mukene wa sokoni aliwanusa, akawarudisha kwenye mfuko bila neno, yeye ambaye angeweza kutukana samaki wabovu mchana kutwa! Nilimhudumia vizuri, majirani wote walinisifu, na kila wiki alizidi kunyamaza. Nilimwona akizimika mbele yangu, nikazidi kumpelekea chakula.

"Mutoto yangu," alisema siku moja, "mimi nataka kurudi kwangu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwake ni mawe na upepo, na kwamba akifia kule nitajilaani maisha yangu yote. Aliomba nyundo tu.

Msumari wa kwanza ulikataa kutoka. Mume wangu alipomwona akihangaika nao, alisubiri aingie ndani, akaja kuung'oa yeye. Ubao ulipasuka urefu wote. Wa pili vilevile. Mbao zilizohama na sisi miaka yote zilipasuka moja baada ya nyingine, na mume wangu, mtu mzima wa kubeba magunia, akakaa chini akashika kichwa.

"Mwambie mama nimeharibu nyumba yake," alisema.

Mama alisikia kila neno. "Mwambie mkwe," alijibu kutoka ndani, "yeye alifanya kwa upendo. Bati bado muzima."

Sikumzuia tena. Siku ya safari mume wangu alitupitisha Jinja kwa lori, mama na mimi nyuma juu ya mabati, akanunua mbao mpya, akatuteremsha Masese pamoja na mabati na mlango. Boti ilijaa, tukaondoka. Kisiwani wanawake waliingia majini mpaka magotini kumpokea, wakipiga vigelegele, wakimtukana kwa kukaa sana. Nyumba ilisimama kabla jua halijashuka, mahali pa juu zaidi, mlango kwa mlango na jirani.

Jioni nilikwenda kwenye mafiga kuwasha moto, kama nilivyozoea kumfanyia Mbale.

"Toka hapo," alisema.

Alikuwa amefunga khanga kiunoni. Alikuwa anachechemea, ila haraka, akipita toka moto hadi kwenye beseni, akimpigia jirani kelele alete chumvi. Aliniletea maji ya kunawa akanimiminia mwenyewe. Alinitengea samaki mkubwa kuliko wake, akanipa kigoda pekee kilichokuwapo. Nilipojaribu kuinuka nimsaidie, aliniwekea mkono begani.

"Kaa. Wewe ni mugeni."

Alisema kwa raha, akacheka. Mbale, nilikumbuka, hakuwahi kumkaribisha mtu hata mara moja, maana hakukuwa na kitu ambacho kilikuwa chake cha kumkaribishia. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Bado niliogopa mawe yale, na hata leo nayaogopa. Lakini nilikaa, nikanawa, nikala chakula cha mama.