Mboni na Upepo wa Chumbani kwa Mama

Wifi yangu Mboni ukikutana naye Kariakoo, kavaa ovaroli, ngazi begani, usimwonee huruma. Atakuuliza, "Unaomba msaada au unatoa?" Ni fundi AC huyo. Mmwera wa Nachingwea, kaolewa na kaka yangu Nurdin, na mimi Najma, muuza mapazia, ndiye wifi mwenye mdomo. Simchagulii maneno, naye hanichagulii. Lakini mtu mwingine amseme nikiwepo! Atanitambua.

Sasa sikiliza. Mama yetu, Bi Sophia, alikuwa anaishi Jangwani, na kila masika maji yanamwingilia ndani. Mwaka huu tukasema basi, inatosha, tukamhamishia Mchafukoge, ghorofani kwa Nurdin. Mboni alikuwa kwao kwenye msiba. Kaka yangu, kwa kutaka sifa, hakuweza kumsubiri mkewe. Akanunua AC, akaokota fundi huko barabarani, wakaifunga ukutani juu ya kitanda. Na mimi nikaleta pazia. Si pazia hili mnalolijua, jamani. La kutoka darini mpaka sakafuni, ukuta mzima! Chumba kikapendeza kama cha bibi harusi.

Mama akavumilia siku chache. Kichwa kinamgonga, magoti yanamuuma, koo limemkauka, na AC yenyewe ikaanza kumdondoshea maji kwenye shuka.

"Mmeniweka kwenye friji kama samaki changu," akasema. "Jangwani maji yanakuja kwa msimu. Hapa yananidondokea kila siku. Ijumaa nikishaswali, narudi kwangu."

Na wingu la masika lilikuwa limeshatanda. Niliogopa, sifichi. Mama yangu akisema Ijumaa, ni Ijumaa.

Alhamisi Mboni akarudi. Chai hakunywa. Akaenda kusimama mlangoni kwa Mama, akapiga hodi.

"Shikamoo, Mama. Naomba ruhusa niingie nitazame hiyo AC."

"Marahaba. Ingia. Lakini kitandani kwangu hupandi. Mke wa mwanangu hakanyagi kitanda changu."

Hilo kwetu halina mjadala. Mkwe ni mkwe, hata akiwa fundi. Mboni wala hakununa.

"Sipandi, Mama. Naomba tu uchome udi wako."

Udi! Mama yangu bila udi anajiona hajaoga. Akatia makaa kwenye chetezo, akachoma, uso umemchangamka. Mboni akawasha AC, akakishika chetezo, akaanza kuzunguka nacho chumbani anautazama moshi. Pale kitandani, moshi ulishuka moja kwa moja mpaka kwenye mto, Mama anapoweka kichwa. Dirishani, ukagonga pazia langu, ukarudi ndani, ukapanda, ukavutwa tena na AC. Sote tukabaki tunakohoa.

"Wifi," akaniambia, "pazia lako zuri. Ila limeziba matundu yote ya hewa pale juu."

"Pazia langu ulikome!"

"Nalikoma. Lifupishe mwenyewe."

Nurdin akatumwa akivute kitanda pembeni, ngazi ikasimama, na Mboni hakugusa hata ncha ya shuka ya Mama. Akaihamishia ile mashine ukuta wa mlangoni, upepo upite juu ya miguu, usimpige mtu kichwani. Bomba la maji akaliinamishia nje. Akachomoa filta: nyeusi, zinanata moshi wa udi, vumbi la Kariakoo limegandia humo humo. Akaziosha kwa sabuni ya unga kwenye beseni, akazianika kivulini.

"Mama, ukichoma udi, zima AC, uache dirisha wazi. Moshi utatokea juu kwenye matundu, harufu itabaki. Na filta nitakuwa naziosha mimi."

Nami nikalikata pazia langu kwa mkono wangu. Roho iliniuma jamani, kitambaa kile!

Ijumaa Mama akaswali. Tukakaa sebuleni tunasubiri aitishe mkoba wake. Nikachungulia. Alikuwa amejilaza kidogo, basi, usingizi ukamchukua, anakoroma mpaka adhana ya alasiri. Nurdin akaanza kulia, bwege yule, na mimi nikamfuata.

Mvua ikashuka. Kule Jangwani maji yakapanda mpaka kwenye dirisha la chumba cha Mama, chumba kile kile alichotaka kukirudia. Majirani zake wakaja kwetu wamelowa, wanatetemeka, tukawapa chai. Jua lilipotoka, na joto la Dar nalo likarudi, tukawatandikia mkeka chumbani kwa Mama wapumzike. Shoga yake, Bi Moza, akavuta pumzi.

"Sophia, hewa tamu hii! Nani kakuwekea?"

"Mwanangu."

Bi Moza akamgeukia Nurdin. "Hongera, baba. Umemstiri mama yako."

"Aa, siyo huyo!" Mama akadakia. "Huyo alinitia kwenye friji. Mwanangu ni yule pale mlangoni, mwenye ovaroli. Mboni, mwanangu, njoo wakuone."

Mboni alikuwa kaja na kanga kavu za wageni. Hatua hakupiga. Fundi mzima, mtoto wa Nachingwea asiyeogopa ghorofa yoyote ya Kariakoo, akajifunika uso na kanga ya wageni, mabega yanamcheza. Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumtania. Nikayameza, nikaenda kumshika mkono nikamwingiza ndani.