Mguu wa Mbu Umeniokoa

Mguu wa mbu umeniokoa, jamani!

Salamu baadaye. Mwanangu Zuhura ndiye anayenichapia haya kwenye kompyuta ya kazini kwake, maabarani, na anacheka.

Jana alikuja nyumbani na kichupa. Ndani mna mbu mfu, ndiye pekee aliyenaswa Majengo kwenye nyumba ambayo homa haiwaishi watoto.

Asubuhi mimi natafuta pa kutilia mafuta yangu ya udi.
Nikakiona kichupa.
Nikakikung'uta.
Paka akamla mbu!

"Mama! Mbu wangu yuko wapi?"
"Nitakukamatia mwingine, mwanangu. Si wote ni wamoja?"
"Wafanana kwa macho tu, mama. Yuko wa malaria, na yuko nduguye apendaye damu ya ng'ombe. Mkubwa wangu anangoja jibu leo!"

Nikalia. Kazi ya mwanangu nimeiua kwa mkono wangu.

Akachungulia pamba iliyobaki kichupani. Mguu!
"Huenda ukatosha. Chembe za urithi, zinazotambulisha aina yake, zimo hata humu."

Nikamfuata, nikakaa mlangoni pa maabara na tasbihi yangu mpaka alasiri.

Akatoka anatabasamu. "Amejulikana, mama. Ni wa malaria. Kesho nyumba ile yapigwa dawa."

Nilipiga vigelegele mpaka mkubwa wake akatoka kuuliza kuna harusi gani!

Mimi niliishia darasa la nne. Haya, nani kati yenu ana mwana kama wangu? Semeni!

Paka hana mwaliko. Nyinyi nyote njooni kwangu mle mkate wa sinia, Jumapili baada ya alasiri.