Uji wa Mgonjwa

Jumanne moja sikufungua duka langu la vitenge Kariakoo. Nilizima simu, nikapanda basi la Bagamoyo peke yangu, nikashinda ufukweni nikila pweza.

Kwetu sokoni, duka likifungwa ghafla watu hujua kuna msiba. Jioni nilimkuta mama wa duka la jirani barazani kwangu, kajifunga kanga kiunoni, anasubiri kuambiwa nani amefariki. Na mimi miguu imejaa mchanga. Nikamdanganya kwamba nilikuwa hospitali, shangazi anaumwa.

Asubuhi akaniletea chupa ya uji wa ulezi. "Mpelekee, mwanangu, ungali moto."

Niliunywa mwenyewe, nimejificha nyuma ya majora. Niliporudisha chupa, akauliza kama mgonjwa ameweza kunywa.

"Kaumaliza wote," nikajibu.

"Basi kesho namletea mwingine."